Sahihi ya A. Mwakatundu

Damari alipokata kona ya kanisa na kuona fimbo imeegemezwa kwenye nguzo ya baraza, alisimama, akarudi nyuma hatua mbili na kujibanza kwenye mkaratusi. Fimbo ile aliijua. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu wenye bendeji ameunyoosha mbele, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, akiutazama mlango wa darasa kana kwamba ameajiriwa kuulinda. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya Damari.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri. Vijana kumi na tisa walikuwa wamesimama kwenye manyunyu, wametoka kazini moja kwa moja, madaftari wameyaficha ndani ya mashati. Mwanga wa kusomea ulikuwa umebaki saa moja na nusu tu, maana ukungu wa mlima Loleza ukishashuka mjini Mbeya hakuna anayeona namba ubaoni. Na mwenye ufunguo alikuwa nyuma ya mti, hawezi kwenda mbele, kwa sababu aliyekaa pale barazani alikuwa Mzee Asukile Mwakatundu, baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Haingii nyumba alimo, hali mbele yake, na wakikutana njiani mwanamke huiacha njia, akaingia majanini akainama mpaka mzee apite. Mwinjilisti Ambrosi alikwisha kuhubiri mara mbili kwamba mambo hayo yamekwisha, sasa wote ni ndugu katika Kristo. Damari alimwamini Mwinjilisti kabisa. Miguu yake ndiyo iliyokataa kuamini.

"Jailos," aliita kwa sauti ya chini.

Jailos, msaidizi wa mpimaji ardhi, kijana mwembamba mwenye suruali iliyojaa matope ya porini, alizunguka mti akamkuta. Hakushangaa. Hii ilikuwa wiki ya tatu.

"Leo tena, mama?"

"Leo tena. Chukua ufunguo. Waambie ubao wasiuguse, nitasema kutoka dirishani. Fanueli amekuja?"

"Amekuja, lakini amenuna. Anasema jana alikaa bure."

"Alikaa bure kwa sababu sikuweza kumwona uso," Damari alisema kwa hasira. "Haya, nenda."

Akazunguka kwa nyuma, kupitia majani yaliyolowa, mpaka chini ya dirisha la mbao la darasa. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi yake siku hizi.

Ubao wenyewe aliubuni yeye. Ulikuwa ubao wa misumari, na kila kijana alikuwa na vipande viwili vya kadi vyenye jina lake. Safu ya juu ilikuwa ya wanaojua, safu ya chini ya wanaotafuta, na mtu mmoja aliweza kutundikwa juu na chini siku hiyohiyo. Jailos alijua pembetatu zote, maana alizipima kila siku kwa mnyororo, lakini umeme kwake ulikuwa giza. Fanueli wa mitambo ya umeme alijua umeme, ila aljebra ilimtoa jasho. Marcelino, aliyetoka Iringa na kufanya kazi maabara ya hospitali, alijua kemia na alikuwa na aibu ya kuuliza chochote kingine. Wote walikuwa wanasoma kwa posta, kila mmoja na vijitabu vyake kutoka Ulaya, na wote walitaka kitu kimoja: mtihani wa kuingia chuo, Makerere kwa sayansi au Nairobi kwa uhandisi.

Damari mwenyewe hakuijua fizikia. Alikuwa amefundisha shule ya kati ya wasichana mpaka alipoolewa, na hesabu zake ziliishia kwenye sehemu na asilimia. Lakini alijua nani anajua nini, na nani anajifanya kujua. Kila Ijumaa alimkalisha kijana mmoja mbele yake na kumwambia, "Nieleze mimi nisiyejua." Kijana akieleza, na Damari akaelewa, alihamisha kadi yake safu ya juu. Asipoelewa, kadi ilibaki chini, hata kama kijana ana cheti gani. Kwa miaka miwili kituo kilikwenda hivyo, na vijana wanne walikwisha kupita.

Sasa alikuwa anakiendesha kwa kunong'ona kupitia ufa wa dirisha, nyuma ya ukuta, mvua ikimwingia shingoni.

*

"Mwambie baba ukweli," alimwambia mumewe jioni hiyo, akimwekea ugali na maharage. "Mwambie tu. Kesho asubuhi."

Anania alinawa mikono polepole. Alikuwa mchora ramani msaidizi katika ofisi ya kazi za ujenzi, mtu mpole, mikono safi, asiyependa kelele. Upole wake ulikuwa mzuri sana mpaka siku ilipohitajika mtu aseme neno.

"Nimwambie nini hasa?"

"Kwamba kituo si chako."

"Kituo ni cha kanisa na serikali," alisema Anania. "Wala si chako wewe."

Dada yake, Lusia, mjane aliyeishi nao na ambaye ndiye aliyepeleka chakula cha mzee kila siku nyumbani kwa Sedekia, mzee wa kanisa, alicheka puani. "Usizunguke, Anania. Ulimwandikia tata kwamba una shule ya mainjinia. Mimi ndiye niliyemsomea ile barua kule nyumbani Masoko. Alinitaka niisome mara tatu, na mara ya tatu walikuwepo majirani."

"Niliandika kwamba tuna kituo."

"Uliandika 'nina'."

Anania akala. Ukweli ni kwamba hakukusudia uongo mkubwa. Aliandika neno moja, baba akafurahi, na baada ya hapo kila barua iliongeza kidogo. Kisha mguu wa mzee ukapata kidonda, hospitali ya Mbeya ikasema afungwe bendeji mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili, na mzee akaja mwenyewe kuiona shule ya mwanawe. Alipoiona hakutaka kubanduka. Kila mchana Sedekia alimsindikiza mpaka barazani, akakaa pale, akisalimiwa na vijana waliovaa viatu. Anania akitoka ofisini alipita, akaingia darasani, akashika chaki dakika kumi, akatoka. Kwa mzee ilitosha.

"Mwombe basi akae kwa Sedekia siku moja tu," alisema Damari. "Alhamisi ijayo. Siku moja, Anania. Umesahau anayekuja Alhamisi?"

Hakusahau. Barua ya Mwalimu Filemoni ilikuwa juu ya kabati tangu Jumapili. Filemoni ndiye aliyekianzisha kituo, kabla hajahamishiwa Iringa, ambako sasa aliendesha kingine kama hicho pale Mlandege. Aliandika kwamba angekuja na Afisa Elimu. Serikali ilikuwa tayari kuvitambua vituo hivi, ila kwa sharti moja: kila kituo kiwe na msimamizi mmoja anayejulikana, mwenye barua ya kazi. Kituo chenye msimamizi kingeruhusiwa kufanyia mtihani palepale. Kisicho naye kingefungwa, na watahiniwa wakafanye mtihani Iringa, jambo ambalo lilikuwa sawa na kuwaambia wasifanye, kwa kuwa hakuna mwajiri aliyekuwa tayari kumpa mfanyakazi wa Kiafrika ruhusa ya siku kumi katikati ya masika. Watahiniwa wa Mbeya mwaka huo walikuwa saba.

Damari aliitaka kazi ile. Hakuificha, wala hakuona haya. Aliitaka kama mtu anavyotaka kitu ambacho amekwisha kukifanya na bado hakina jina.

"Nitamwambia," alisema Anania.

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia."

*

Alhamisi gari la Afisa Elimu lilichelewa. Walikuwa wamelala njiani, huko Chimala, kwa sababu ya matope, na walipofika Mbeya ilikuwa saa tisa. Damari alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alivaa gauni lake la bluu la ualimu, akasuka nywele upya, na kwenye bahasha akaweka daftari la mahudhurio na orodha ya vijana wote, kila mmoja na alichojua na alichokuwa anakitafuta. Lusia alikuwa ametangulia na birika la chai.

Njiani alimkuta Lusia anarudi, anatembea haraka.

"Usiende mbele," alisema Lusia. "Tata yupo. Yumo ndani kabisa. Sedekia amemwekea kiti cha mbele, karibu na mlango. Amevaa lile koti na tai ya kuazima."

"Anania alisema amemwambia."

"Alimwambia. Alimwambia, 'Tata, Alhamisi wakubwa wanakuja kukiona kituo.' Basi. Sasa wewe ungekuwa baba, ungekaa nyumbani?"

Damari alisimama pale njiani na gauni lake la bluu, watu wa sokoni wakimpita, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alimchukia mumewe, chuki safi isiyo na huruma. Halafu akazunguka kwa nyuma. Angefanya nini? Vijana saba walikuwa mle ndani.

Chini ya dirisha alisikia viti vikiburuzwa, kisha sauti ya Mwalimu Filemoni.

"Kamwene, Bwana Mwakatundu. Siku nyingi. Na mkeo, Mama Tupoki, yuko wapi? Nilitaka kumsalimu."

"Yuko jikoni," alisema Anania. "Anashughulika na chai."

"Ah, mama yule. Hapo zamani alitusaidia sana."

Afisa Elimu alizungumza Kiswahili cha kujifunza kitabuni, sahihi na kigumu. Alisema amefurahi kuonana hatimaye na Bwana A. Mwakatundu, ambaye barua zake ni miongoni mwa barua bora zinazofika mezani kwake. Damari akafumba macho. Barua zile aliandika yeye, zote. Tatu za kwanza alitia sahihi ya D. Mwakatundu, Mrs., na kwa miezi mitano hakujibiwa hata moja. Ya nne, ya kuomba chaki na meza, alimwambia Anania kwa mzaha, "Hebu nilitumie jina lako tuone," na Anania akacheka, akasema jina ni lao wote. Jibu lilikuja kwa siku tisa. Tangu hapo kila barua ilitoka na sahihi ya A. Mwakatundu, na Damari aliiandika sahihi hiyo vizuri kuliko mwenyewe. Alijiona mjanja.

"Sasa nieleze," alisema Afisa Elimu. "Hapa ninaona Bwana Kalinga, karani wa daraja la pili, ametundikwa chini, na anayemfundisha ni Jailos, ambaye ni mbeba mnyororo. Kwa nini?"

Anania alikohoa. Viatu vyake vikasogea mpaka dirishani, akafungua ubao mmoja wa dirisha kama mtu anayetaka hewa.

"Jailos alikosea hesabu hizohizo miezi minne," alinong'ona Damari. "Anajua mahali mtu anapojikwaa. Anayejua tangu mwanzo hapajui."

Viatu vikarudi. "Jailos mwenyewe alizikosea hesabu hizo kwa miezi minne, Bwana," alisema Anania. "Kwa hiyo anajua mahali mtu anapojikwaa. Aliyejua tangu mwanzo hapajui mahali hapo."

"Safi," alisema Afisa Elimu, na kalamu ikasikika karatasini. "Hilo ni wazo zuri sana, Bwana Mwakatundu."

"Tata," aliita mtu kwa furaha, pengine Sedekia, "umesikia hayo?"

"Nimesikia," ilijibu sauti nzito ya mzee.

Mara sita Anania alikwenda dirishani. Mara sita Damari aliyasikia maneno yake yakirudi kwa sauti ya mwanamume, yakipokelewa kwa heshima, yakiandikwa. Kisha Afisa Elimu akauliza swali la mwisho.

"Msimamizi anajuaje kwamba kijana fulani yuko tayari kwa mtihani?"

Viatu vikaja. Lakini Damari hakuwepo tena dirishani. Alikuwa amechoka. Alikuwa anatembea kando ya ukuta, bahasha mkononi, anakwenda mlangoni, anajiambia kwamba Mwinjilisti Ambrosi amesema, kwamba hata Rungwe wapo wanawake waliokwisha kuacha, kwamba ni hatua kumi tu. Alifika kwenye kona. Mlango ulikuwa wazi. Mlangoni, pembeni kidogo, aliona bega la koti jeusi na sikio la mzee lenye mvi. Mzee aligeuza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyesikia kitu nje.

Magoti ya Damari yakakunjika yenyewe. Alijikuta amechutama majanini, kanga ameivuta mpaka usoni. Hakuna aliyemlazimisha. Ndilo lililomwuma zaidi.

Ndani, Anania alingoja dirishani jibu ambalo halikuja. Akarudi katikati ya darasa.

"Kwa kuwapa mtihani, Bwana," alisema.

"Vizuri," alisema Afisa Elimu, akaandika hilo nalo.

*

Barua ilikuja Jumamosi ya wiki ya pili. Anania aliileta nyumbani mwenyewe, akaiweka mezani, akakaa mbali nayo kidogo. Damari aliisoma akiwa amesimama. Bwana A. Mwakatundu ameteuliwa kuwa msimamizi wa kituo cha Mbeya kuanzia Jumatatu. Watahiniwa saba wameruhusiwa kufanya mtihani hapohapo, baada ya wiki tatu. Mstari wa mwisho ulisema Afisa Elimu anamshukuru pia Bibi Mwakatundu kwa chai nzuri.

Aliusoma mstari huo mara mbili.

"Kituo kimepona," alisema Anania. "Hilo ndilo tulilolitaka, si ndiyo? Vijana watafanya mtihani. Na mshahara unakuja nyumba hiihii."

"Sikuuliza mshahara."

"Utaendelea kama zamani. Mimi nitakuwa jina tu."

"Jina tu," alirudia Damari.

"Damari, mimi sikuandika barua hata moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyeweka jina langu."

Hapo alimpata, na wote wawili walijua amempata. Kwa miaka miwili Damari alikuwa amejitengenezea kitanzi kwa mwandiko mzuri, na hapakuwa na mtu mmoja wa kulaumiwa peke yake. Akalikunja gauni la bluu lililokuwa kwenye kamba, akaliweka sandukuni. Kisha akaweka daftari na ufunguo juu ya barua.

"Hongera, Bwana Msimamizi," alisema.

Jumatatu saa kumi alikaa uani akichambua maharage. Lusia alimtazama, akamtazama tena, akaketi naye kuchambua bila kuuliza.

Anania alirudi magharibi, viatu vina matope, tai imelegea. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wameondoka watatu," alisema.

"Akina nani?"

"Kalinga, Fanueli na yule kijana wa ofisi ya hali ya hewa. Niliwapanga upya. Niliona haifai karani wa daraja la pili afundishwe na kibarua, tena mbele ya tata. Nikawapanga kwa vyeo vya kazini. Kalinga nikamweka awafundishe wenzake aljebra."

Lusia aliacha kuchambua. "Kalinga hajui aljebra. Hata mimi najua kwamba Kalinga hajui aljebra."

"Alisimama pale mbele," alisema Anania. "Alisimama muda mrefu na chaki. Halafu akasema ana kichwa kinauma, akatoka. Fanueli akasema hakuja kutazama watu wakisimama. Marcelino amekaa kwenye kona, hajauliza swali hata moja. Wamebakiwa na wiki tatu, Damari."

"Nahesabu pia."

"Njoo kesho dirishani. Nakuomba."

"Dirishani sirudi."

"Basi ingia ndani. Pita mlangoni, wewe ndiye unayejua kazi."

Damari alichukua punje moja mbovu, akaitupa kwa kuku. "Baba yupo," alisema taratibu. "Nitapitaje mbele ya baba? Mimi si mkamwana wa watu? Unataka wakaseme Masoko kwamba mke wa Anania hana adabu?"

"Unanitania."

"Nilichutama majanini siku ile mpaka gauni likalowa. Kwani nilikuwa nakutania?"

Anania alimtazama dada yake. Lusia akaangalia kuku.

"Nimwambie ahame baraza? Nimwambie kwa sababu gani?"

"Mwambie sababu ilivyo," alisema Damari. "Yote."

*

Mzee Asukile alikuja kesho yake saa kumi na moja. Alikohoa mara mbili alipofika kwenye ua, kama anavyofanya mtu mwenye heshima akikaribia nyumba ya mwanawe, na Damari akaingia jikoni, akavuta mlango wa mabua. Kati ya jiko na mwembe mchanga alipowekewa mzee kiti hapakuwa na hatua saba. Aliwasikia kama wamo chumba kimoja.

"Haya, nimekuja," alisema mzee. "Vijana wako wamesimama nje ya mlango kule, wewe umeniita huku. Nani anafundisha?"

"Hakuna, tata."

"Kwa nini?"

Anania alianza na mguu wa mzee, akauliza unaendeleaje. Akahamia kwenye mvua. Lusia akamwambia aseme au aache. Ndipo akasema. Alisema vibaya, kwa vipandevipande, akirudi nyuma na kujisahihisha, lakini alisema: kwamba kituo si chake wala hakijawahi kuwa chake, kwamba ubao wa misumari si wake, kwamba majibu yale aliyompa Mzungu aliyapokea dirishani.

Damari aliacha kukoroga.

"Siku ile uliinuka mara saba," alisema mzee. "Nilihesabu. Nikamwambia Sedekia mwanangu ana mafua."

"Ndiyo, tata."

"Nimewaambia watu wa Masoko yote. Nimemwambia chifu. Hospitali pale nimewaambia mpaka wanaonifunga mguu." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. "Umenikalisha barazani wiki tano nikiwa nazuia kazi. Mimi, mzee mzima, nimekuwa kisiki mlangoni."

"Nisamehe, tata."

"Hiyo barua ya Wazungu imeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Nani aliwapa jina lako?"

Damari jikoni alishika mwiko kwa nguvu. Hapa Anania angeweza kumtupia yote, na ingekuwa kweli.

"Lilikuwa kwenye barua zetu," alisema Anania. "Za kwake walikuwa hawazijibu. Tukaweka langu. Mimi nilikubali."

"Basi leo utaandika nyingine. Kwa mkono wako. Uwaambie kazi hii ya nani."

"Wanaweza wasikubali, tata. Ni mke wa mtu. Wanaweza hata kukifunga kituo."

"Wanaweza," alisema mzee. "Wakikataa, watakuwa wamekataa kitu cha kweli. Kaa hapo uandike. Mimi sina haraka, mguu hauniruhusu." Kisha akapaza sauti kidogo, bila kugeukia jikoni. "Lusia. Mwambie aliyeko humo kwamba kuanzia kesho nitakaa kwa Sedekia. Baraza nimeliacha. Apite."

Lusia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mlango wa mabua. "Amesikia, tata."

"Mwambie hata hivyo."

"Damari," alisema Lusia kwenye mabua, "tata anasema upite."

"Ndaga," alishukuru Damari, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko alivyotaka. Kesho angepita. Jioni hii ilikuwa imekwisha kupotea, na Fanueli labda asingerudi. Barua ingekwenda kwa Afisa Elimu, Iringa, siku mbili njiani, ingekaa mezani siku ngapi hakuna ajuaye, na pengine ingejibiwa baada ya mtihani, na pengine isijibiwe. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale uani. Hasira yake ilikuwa bado iko palepale, haikupungua hata kijiko.

Nje, karatasi ilifunguliwa. Kalamu ikachovywa wino. Kalamu ikachovywa tena.

"Damari," aliita Anania, kwa upole wake uleule. "Barua ya mkubwa kama huyu, yenye kosa ndani yake, inaanzaje?"

Alijua inavyoanza. Alijua namna tatu za kuianza, na ipi ingemlainisha Mzungu yule, na ni mstari wa ngapi ndipo kosa litajwe. Maneno yalikwisha kumjia mdomoni.

"Damari?"

Akafunika chungu, akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono, akamwacha ayatafute mwenyewe.